Madamu Chapuchapu Ajifunza Kunyamaza

Wanafunzi walimwita Madamu Chapuchapu, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianzia kidato gani. Mwenyewe alilijua na wala halikumuudhi. Alifundisha hesabu, tena alizifundisha kama mtu aliyeona wingu la mvua na nguo bado ziko kambani. Chaki mkono wa kulia, kifutio mkono wa kushoto, huu unaandika mstari mpya, ule umeshafika kuufuta wa juu. Akiuliza swali, alilijibu mwenyewe.

"X ni ngapi? Ni saba! Twende!"

Darasa lilikuwa bado linatafuta hiyo X iko wapi.

Usidhani alikuwa mkali. Walimpenda, na yeye aliwapenda, ila mapenzi yake yalikuwa na mbio. Hakutaka mtu ahangaike, hata kwa kumaliza sentensi yake mwenyewe. Ukimwambia, "Madamu, jana sikuja kwa sababu nilikuwa na..." yeye alishadakia: "Homa! Pole sana. Unakunywa maji ya kutosha?" Kumbe ulikuwa na mgeni.

Mumewe alikuwa fundi makochi, mtu mpole, mzito wa maneno, ambaye alipima kitambaa na kukipima tena kabla ya kutia mkasi, na maneno yake aliyapima vivyo hivyo. Binti yao alizoea kuwaambia rafiki zake kwamba nyumbani kwao baba huanza sentensi na mama huzimaliza. Mara nyingine ziliishia mahali ambapo fundi hakuwa akielekea kabisa, lakini hakuwa mtu wa kugombania sentensi. Aliendelea na msumari wake.

Mdomo huohuo wa haraka ndio uliompeleka kozini.

Ilikuwa kwenye kikao cha walimu cha kufunga muhula. Watu wamechoka, mafaili yamefungwa, kila mmoja jicho mlangoni. Mkuu wa shule, mama mwenye umbo kubwa na sauti nyembamba, akasema, "Jambo la mwisho. Nimepigiwa simu kutoka idara ya elimu. Wanataka walimu wawili, mwanzoni mwa likizo, waende..."

"Mimi!" akasema Madamu Chapuchapu, mkono juu. Alidhani ni kusahihisha mitihani, kazi aliyoipenda kuliko wengine wanavyopenda sinema.

"...kwenye mafunzo ya afya ya akili ya vijana," mkuu akamalizia. "Ahsante sana, Madamu. Umenipunguzia kazi."

Mtu mmoja akakohoa ili asicheke. Wa pili alipatikana kwa urahisi zaidi, maana alikuwa ametoka nje kupokea simu. Huyo ni mwalimu wa jiografia, ambaye pia alikuwa mwalimu wa nidhamu, pande la mtu ambaye shule nzima ilimjua kwa jina la Bwana Ramani. Aliporudi alikuta ameshachaguliwa.

"Afya ya akili?" akauliza, amesimama palepale mlangoni. "Kwani nani amesema mimi nina wazimu?"

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu. Viti vilikuwa vya plastiki, na feni ya darini ilizunguka pale ilipojisikia. Mwezeshaji alikuwa msaikolojia, mwanamke mfupi, mwembamba, amebeba begi kubwa mgongoni, na jambo la kwanza alilowasimulia ni kwamba mlinzi wa getini amemrudisha akavae sare.

"Na mimi nikageuka," akasema. "Nimefika barabarani ndipo nikakumbuka kwamba nina watoto wawili."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana Ramani hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, niwie radhi. Mimi nina vipindi mpaka shingoni. Nina zamu, nina nidhamu, nina mechi za mpira. Sasa niwe na udaktari wa akili tena?"

"Hapana," akasema msaikolojia. "Tena nimekuja kuwaomba msiwe madaktari. Mtoto akianguka uwanjani akavunjika mguu, humpasui. Lakini unamwona ameanguka. Unamwendea, unakaa naye, unamwita anayejua kutibu. Basi, hayo manne. Kumwona, kumwendea, kukaa naye, kumwita anayejua."

Bwana Ramani akakunja mikono kifuani. Lakini Madamu Chapuchapu, aliyekuwa nyuma yake, alimwona baadaye kidogo akiikunjua na kuandika.

Walifundishwa mengi. Kutofautisha siku mbaya, ambayo kila mtu huwa nayo, na hali inayomkalia mtoto kwa majuma. Usingizi unaopotea, au unaozidi. Mapigo ya moyo yanayokwenda mbio mtihani ukikaribia mpaka mtoto anadhani anakufa. Wakafundishwa kutoahidi siri ambayo hawataweza kuitunza, na kuuliza waziwazi pale panapohitaji kuulizwa. Madamu Chapuchapu aliyameza yote kwa kasi yake ya kawaida na kufikia chakula cha mchana alijiona ameiva.

Ndipo likaja zoezi la kusikiliza.

Walikaa wawili wawili. Mmoja aseme jambo linalomlemea, mwenzake asikilize tu. Asishauri, asimalizie sentensi, asilete kisa chake. Madamu alipangiwa mwalimu wa muziki kutoka shule nyingine, kijana mwenye sauti ya taratibu.

"Mama yangu ana..." akaanza yule mwalimu.

"Presha!"

"Ana mpango wa kuhamia kwangu."

"Oh, hongera!"

"Sasa hapo ndipo..."

"Chumba hakitoshi! Sikiliza, weka pazia katikati ya..."

"Madamu," ikasema sauti ya msaikolojia nyuma ya kiti chake.

Wakaanza upya. Safari hii Madamu alishika kingo za kiti, akabana midomo, akatoa macho kama mtu anayezuia kwikwi mbele ya wageni. Jasho likamtoka. Mwalimu wa muziki akaongea mpaka mwisho bila kukatwa, na zoezi lilipoisha watu wa karibu walimpigia Madamu makofi.

"Vizuri sana," akasema msaikolojia. "Sasa tuambie, umesikia nini?"

Madamu akafungua mdomo. Hakukuwa na kitu. Mama wa mwalimu wa muziki alikuwa ameyeyuka kichwani mwake, na pazia pia.

"Sijasikia chochote," akakiri. "Nilikuwa nashughulika na kunyamaza."

Walicheka mpaka feni ikaanza kuzunguka. Msaikolojia naye alicheka, kisha akachutama mbele ya kiti chake na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mdomo umeweza kuufunga. Kesho jaribu hivi: jiulize, huyu mtu ataniambia nini ambacho mimi sikijui? Halafu kitamani kweli."

Kesho yake alijaribu, akaweza kidogo. Lakini jambo lililomkaa Madamu Chapuchapu rohoni halikutoka kwenye zoezi. Lilitoka kwenye sentensi ambayo msaikolojia aliitaja kama kwa kupita tu, huku akifuta ubao.

"Walimu hodari huwa wanamwona mtoto anayelia," alisema. "Mimi nawaomba mumtazame aliyebadilika. Mpole aliyeanza ugomvi. Msafi aliyeacha kuoga. Mwenye kelele aliyenyamaza, na shule nzima ikashukuru."

Madamu alikuwa amekaa upande wa dirishani, Bwana Ramani upande wa mlangoni. Wote wawili waligeuka kwa wakati mmoja, wakatazamana.

Wakati wa chai Bwana Ramani alimfuata, kikombe mkononi.

"Unamfikiria ninayemfikiria?"

"Redio," akasema Madamu.

Redio alikuwa msichana wa kidato cha tatu, na jina hilo alilipata kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima. Mechi ikichezwa, aliitangaza yote kutoka dirishani. Aliwaigiza walimu mmoja mmoja, na "Twende!" ya Madamu Chapuchapu aliitoa vizuri kuliko mwenyewe. Bwana Ramani alikuwa amemsimamisha nje ya darasa mara nyingi hata pale kwenye korido wanafunzi wakapaita "studio". Kisha, muhula ule uliokwisha, Redio alinyamaza. Chumba cha walimu kilifurahi. Amekua, walisema. Bwana Ramani hakukataa sifa zilipomjia.

"Ripoti yake nimeijaza kwa mkono wangu," akasema Bwana Ramani. "'Nidhamu imeimarika sana. Aendelee hivyo hivyo.'"

Akaweka kikombe mezani, chai haijaguswa.

Wiki hiyo Madamu aliamua kufanya mazoezi nyumbani. Alimfuata mumewe karakanani, fundi amepiga magoti mbele ya kochi lililochunwa ngozi, misumari midogo imebanwa katikati ya midomo.

"Niambie kitu," akasema, akivuta kigoda.

"Kitu gani?"

"Chochote kilichokukaa moyoni. Mimi sisemi neno."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa na paka kwamba leo ataosha vyombo. Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga kwenye ukingo wa kochi.

"Ningependa siku moja..." akaanza.

Madamu aliijua sentensi hiyo. Amekuwa akiisikia tangu walipooana, na kila mara ameimalizia: "...tupake rangi ukuta wa mbele." Na ukuta ulipakwa. Ulipakwa kijani, ukapakwa kahawia, ukapakwa rangi ya maziwa, na bado mume huyu hajaridhika. Aliuma ulimi. Fundi akagonga msumari. Akagonga wa pili.

"...nijifunze kuogelea," akasema.

Madamu akauachia ulimi.

"Kuogelea?"

"Tangu utotoni. Sijui kuogelea mimi. Kila nikitaka kukwambia, nashtukia nimenunua rangi."

Madamu alicheka mpaka akateleza kigodani. Fundi naye, ambaye kicheko chake kilikuwa adimu, alikaa sakafuni akajishika mbavu. Mteja aliyekuja kuulizia viti vyake alisimama mlangoni, akawatazama, akaona ni heri apite kesho. Kabla likizo haijaisha fundi alishajiandikisha kwenye bwawa la kuogelea, darasa la wanaoanza, pamoja na watoto ambao meno yao ya mbele yalikuwa bado hayajaota.

Shule ilipofunguliwa, Madamu Chapuchapu alikutana na Redio kwenye ngazi.

"Redio! Mzima? Mzima. Likizo nzuri? Nzuri. Haya!"

Alikuwa ameshafika ngazi ya chini alipojipiga kofi kwenye paji la uso. Kijana wa kidato cha kwanza aliyekuwa akipanda akasimama kwa adabu.

"Madamu, umesahau kitu?"

"Nimemsahau mtu," akasema.

Hakumkimbilia. Alikumbuka msaikolojia alivyosema kwamba vijana wengi huongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa hayatazamani. Baada ya siku kadhaa, mchana, vipindi vimekwisha, alimwomba Redio amsaidie kwenye stoo ya vifaa vya hesabu.

Stoo hiyo ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja la nondo na harufu ya vumbi la chaki. Kwenye masanduku, rula, bikari na protrakta zilikuwa zimechanganyika kama nguo za mtumba. Madamu aliacha mlango wazi. Wakakaa kwenye maboksi yaliyogeuzwa, bega kwa bega, wakaanza kuchambua. Rula huku, bikari huku, zilizovunjika kwenye ndoo.

Mwanzoni Madamu alijitumbuiza kimoyomoyo na jedwali la kuzidisha la kumi na saba ili asiongee. Halafu akakumbuka, akaliacha. Akamtazama yule mtoto kwa pembe ya jicho. Soksi hazikufanana. Kucha zilikuwa zimetafunwa mpaka kwenye nyama.

"Zamani ulikuwa unaniigiza," akasema. "Siku hizi huniigizi."

"Samahani, Madamu."

"Sijakulaumu. Nimekukosa."

Redio aliendelea kupanga rula. Alizipanga, akazivuruga, akazipanga tena. Nje watu walikuwa wanapiga mpira, na kila mara ulipogonga ukuta dirisha lilitetemeka kidogo.

"Sijui nianzie wapi," akasema mwishowe.

Madamu alikuwa na sentensi tatu za kuanzia, zote ziko kwenye ncha ya ulimi. Akazimeza.

"Nikiamka asubuhi," Redio akasema, "ni kama nimefunikwa blanketi lililolowa maji. Nalisukuma, linarudi. Nikifika shuleni nimeshachoka uchovu wa siku nzima. Watu wakicheka nawasikia, lakini ni kama wanacheka kwenye nyumba ya jirani."

"Tangu lini?"

"Muhula uliopita, mwanzoni." Akaokota bikari, akaifungua, akaifunga. "Na hakuna kilichotokea, Madamu. Hilo ndilo linaniudhi. Hatujafiwa. Nyumbani hawagombani. Hakuna aliyenifanyia kitu. Sasa nikimwambia mama, nitamwambia nini? Atasema nadeka."

Madamu aliweka rula chini. Swali lililofuata walikuwa wamelifanyia mazoezi ukumbini, na kule lilimpa aibu kama kutamka tusi mbele ya wakwe. Alilisema taratibu.

"Nitakuuliza jambo zito, na ukijibu lolote sitakugombeza. Umewahi kufikiria kujidhuru? Au kwamba ingekuwa afadhali usiwepo?"

Redio aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza. "Hapana," akasema. "Sijafika huko. Ila naogopa nisije nikafika."

"Ahsante kwa kuniambia."

Sentensi hiyo nayo ilitoka kozini, na kule ilimchekesha, ilimfanya ajihisi kama karani wa benki. Leo ilitoka yenyewe.

"Sitakutangaza," akaendelea. "Lakini mzigo huu hautabebwa na wewe peke yako, wala na mimi peke yangu. Kuna watu wawili nataka tuwaambie. Mama yako, na mshauri wa afya ya akili pale kliniki ya jirani. Hatutawaambia bila wewe kuwepo. Na ukiona unaanza kukaribia kule ulikosema unaogopa, hungoji kesho. Unamwambia mama, au unanipigia mimi, saa yoyote."

"Mama atalia."

"Atalia. Mimi nina leso."

Redio akaguna, kama aliyetaka kucheka akasahau njia. Wakaendelea na protrakta. Kimya kilirudi, na safari hii Madamu alikaa ndani yake bila kuhangaika, mpaka Redio mwenyewe akaanza kumwangalia kwa wasiwasi.

"Madamu, na wewe mbona umenyamaza hivyo? Uko salama kweli?"

Madamu Chapuchapu aliangua kicheko kikamshinda, akagonga boksi kwa kiwiko, na rula zote walizozipanga zikamwagika sakafuni.

Mama yake Redio alikuwa na saluni ndogo, na ukimsikia akiongea dakika moja tu ulijua binti alikorithi. Walimkuta anasuuza mabakuli ya rangi ya nywele, wateja wameondoka. Alipomwona mwalimu mlangoni alishusha mabega.

"Kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, mama. Hilo ndilo lililonileta."

Redio alisema mwenyewe. Alikuwa anaangalia vigae vya sakafuni, lakini alilisema lile la blanketi, na lile la nyumba ya jirani. Hajafika katikati, mama akadakia.

"Basi leo unalala mapema! Simu naichukua, hiyo ndiyo inakumaliza. Na asubuhi utakuwa unakunywa maziwa, na yule rafiki yako..."

Madamu alimsikiliza, na ilikuwa kama kujisikia mwenyewe kwenye kinasa sauti. Akamgusa mkono.

"Mama, subiri kidogo. Hajamaliza."

Mama akasubiri. Ilimuuma, ilionekana kabisa, lakini alisubiri mpaka neno la mwisho.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ulikuwa unafurahi kwamba nimetulia."

Mama akaketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo. "Nilifurahi," akasema. "Hata dada yangu nilimpigia simu. Nikamwambia mwenzangu, mtoto kakua, nyumba imetulia." Akavuta taulo lililokuwa karibu, akajifuta uso, akajifuta tena, na alipoliondoa alikuwa na mstari mweusi wa rangi ya nywele kutoka shavu hadi shavu. Alijiona kwenye kioo. Redio naye alimwona. Hakuna aliyejua nani alianza, lakini wote watatu walicheka huku wakilia, na leso ya Madamu haikufua dafu, kwa sababu rangi ile ilikuwa ya kudumu. Mama alikaa na masharubu yake wiki nzima, na kila mteja aliyeuliza aliambiwa ndiyo mtindo mpya.

Kliniki walikwenda, na mshauri aliwapokea vizuri. Mambo hayakunyooka mara moja. Kulikuwa na wiki ambazo Redio alikula, akalala, akaandika kazi zake, halafu ikaja Jumatatu moja asiweze kuinuka kitandani, na ikawa kama wameanza upya. Bwana Ramani aliambiwa yale tu ambayo Redio alikubali aambiwe. Tangu hapo, asubuhi ambazo msichana alichelewa, mwalimu wa nidhamu pale getini aligundua ghafla kwamba ukuta wa upande wa pili una ufa unaohitaji kuchunguzwa, akaupa mgongo mlango mpaka hatua zikapita.

Siku moja alimwita ofisini. Redio aliingia, akasimama karibu na mlango.

"Kwenye ripoti nilikuandikia uendelee hivyo hivyo," akasema Bwana Ramani, akitazama globu iliyokuwa mezani. "Naifuta. Usiendelee hivyo hivyo. Ni hayo tu. Nenda darasani."

Wakati huohuo mkuu wa shule alikuwa amewapa walimu hao wawili alasiri ya Ijumaa moja wawafundishe wenzao. Watu walikuja na madaftari ya kusahihisha ili muda usipotee. Mwalimu wa kemia, mtu mkavu, alisema hata kabla hawajaanza: "Sisi tulisoma bila haya yote, na tukawa watu."

"Watu gani?" akauliza Bwana Ramani. "Juzi umegombana na mashine ya fotokopi mpaka tukaja kukushika."

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Mwalimu wa kemia mwenyewe alicheka, na waliocheka pamoja si vigumu kuwagawa wawili wawili. Yeye alipangiwa mkuu wa shule. Madamu alipita katikati ya viti na kuwasikia: huyu anasema habari za mgongo wa baba yake, yule habari za kuhamishwa. Mwalimu wa kemia alikuwa ameinama, anaongea chini chini, na mkuu wa shule, ambaye kwenye vikao hamruhusu mtu kuvuka dakika mbili, alikuwa amevua miwani na kuisahau mapajani.

Jumatatu mwalimu wa kemia alimsubiri Madamu kwenye korido.

"Kuna kijana wa kidato cha pili," akasema. "Hutoka maabara kila nikitaja jaribio. Nilidhani ni mvivu. Mikono inamtetemeka. Sasa nimemwona. Nifanye nini?"

"Kumwona ndiyo hatua ya kwanza," akasema Madamu. "Njoo tuongee hiyo ya pili."

Hesabu nazo zilibadilika. Alianza kuuliza swali na kungoja. Mara ya kwanza darasa lilidhani ameugua, kiranja akajitolea kumletea maji. Lakini alingoja, na kutoka nyuma kabisa ukainuka mkono ambao hajawahi kuuona hewani. Jibu lilikuwa baya kabisa. Hata hivyo walilichambua, wakaona lilipopotea, na mwenye mkono akalirekebisha mwenyewe. Kwa mwendo huo mada zilianza kuchelewa, ikabidi aombe vipindi vya Jumamosi, na wanafunzi walimnung'unikia kweli kweli. Kila kitu kina gharama.

Muhula ulikuwa unakaribia mwisho, wako kwenye pembe za duara, Madamu amegeukia ubao, sauti ikasikika kutoka upande wa dirisha, nyembamba, ya mbio, yake mwenyewe kabisa:

"Ni saba! Twende!"

Darasa likaganda. Chaki ilimkatikia Madamu mkononi. Alilipa darasa mgongo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akageuka, uso ameukaza kwa nguvu zote.

"Nani huyo?"

"Mimi, Madamu," akasema Redio.

"Toka nje!"

Alitoka ameinua kichwa. Bwana Ramani, akipita na ramani zake kwapani, alimkuta pale pa zamani, studio.

"Umefanya nini?"

"Nimepiga kelele darasani."

"Hongera!" akasema Bwana Ramani. Halafu akajikumbuka, akakohoa. "Yaani, usirudie."

Redio aliendelea kwenda kliniki mwaka ule wote. Siku za blanketi zilimjia bado, zikapungua, na alijifunza kuzitaja zikiwa njiani badala ya kungoja zimfunike. Alimwambia mama, na mama alijifunza kusubiri, ingawa wateja wake wanasema kwao hajajifunza.

Mwaka uliofuata msaikolojia alipiga simu. Shule za jirani zilitaka mafunzo, na yeye peke yake hatoshi. Akamwomba Madamu Chapuchapu na Bwana Ramani wamsaidie siku za Jumamosi. Walikubali, wakabishana wiki nzima juu ya nani aanze kuzungumza na nani abebe begi.

Shule ya kwanza waliyokwenda, walikuta ukumbi umefungwa na mwenye ufunguo amekwenda sokoni. Walimu thelathini na kitu walikuwa wamesimama uani, nyuso zimenuna kama za watu walioitwa kulipa faini. Madamu alitazama saa, akatazama mlango, akakaa kwenye ngazi za ukumbi na kuwaomba nao wakae. Kulikuwa na kivuli kizuri. Bwana Ramani akageuza ndoo akaifanya kiti, ikamwitikia kwa mlio wa kutisha, na watu wakacheka. Mwanamke mmoja mwenye mvi, aliyebakiza mwaka kustaafu, akasema kwamba yeye hakuja kwa kupenda, lakini maadamu wamekaa, ana kijana darasani anayemnyima raha, na angependa kujua kama kuna mwenzake mwenye mtoto wa namna hiyo. Mikono ikaanza kuinuka. Mwenye ufunguo aliporudi na kikapu chake aliwakuta wamezama, akasimama pembeni akisikiliza, na baada ya muda akatandika kanga yake chini, akakaa.